Kisiwa Kisicho na Mabati

Wiki iliyopita nilimhamisha Mama kutoka chumba chake cha zamani hadi kwangu, huku Kawangware 46, na ndani ya gunia la sufuria zake nikakuta kipande cha mabati. Kina ukubwa wa sinia la chai. Pembe moja ina tundu, na tunduni umebaki waya uliopinda. Mtu mwingine angekitupa. Mimi nilikiinua hadi puani kabla sijajua ninafanya nini. Kutu ya Nairobi hunuka mvua na moshi wa jiko. Kutu hii ilinuka chumvi, na chini ya chumvi kulikuwa na harufu nyingine, nzito, ya tope jeusi. Nikakaa pale pale juu ya godoro lililofungwa kamba, moyo ukienda mbio kama moyo wa mtoto wa miaka minane aliyesikia kwamba mto umeamka.

Sisi tuliolelewa Gatwekera, kule chini kabisa ambako nyumba zinaishia na mto unaanzia, tulijua maji ya aina mbili. Kulikuwa na maji ya mtungi, ambayo uliyapangia foleni, na kulikuwa na maji yaliyokuja yenyewe. Ya pili hayakuwa na jina. Watu walisema tu, "Yamekuja." Yalikuja wakati mwingine jua likiwaka, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha mbali huko juu, na mto ukateremka na tope la watu wengine, viatu vyao, vyungu vyao, kuku wao. Wa kwanza kujua walikuwa panya. Ukiona panya wanapanda ukuta mchana, bila haya, unamshika mtoto mkono.

Wa pili kujua walikuwa watu wa juu, nao walitupigia mabati. Mwizi tulimpigia kelele, moto tuliupigia kelele, lakini maji tuliyapigia mabati, maana mvua ikishaanza kugonga paa hakuna sauti ya mtu inayofika popote. Mtu wa juu alichukua mwiko au jiwe akagonga ukuta wa nyumba yake: mbili, anyamaze, mbili, anyamaze. Jirani wa chini akisikia naye anagonga, na wa chini yake vilevile, mpaka mlio unateremka bonde lote ukiwa mbele ya maji kidogo tu. Hakuna aliyefundishwa. Ulikua ukijua, kama ulivyojua kuruka mtaro.

Na kila mtu alikuwa na alama yake. Yetu ilikuwa mpera uliosimama kati ya mlango wetu na ukingo. "Hayajawahi kupita mpera," walisema watu wazima, wakicheka, huku wakitazama mpera.

Siku yalipoupita, Mama alikuwa anafua. Nakumbuka alivyoacha nguo katika karai bila hata kuzitazama, akanibana kwapani kama mzigo wa kuni, akakimbia. Tulisimama juu kwenye reli pamoja na watu wote wa chini, na kutoka pale nikauona mpera ukiinama, ukilala, ukaondoka. Nyumba yetu ilifuata, bila fujo, kama mtu anayeitwa. Mzee Barasa, fundi wa viatu aliyekuwa jirani yetu, hakuja relini. Masikio yake yalikuwa yamechoka siku nyingi. Waliomwona mara ya mwisho walisema alikuwa amekaa kwenye kibao chake, mgongo kwa mto, misumari midomoni, akishona soli. Alipatikana baadaye, chini kwa bwawa.

"Hakusikia mabati," walisema watu wazima, wakitikisa vichwa. Kwao yalikuwa maneno ya msiba. Kwangu ikawa sheria ya dunia: anayesikia mabati anaishi, na asiyesikia haishi.

Baada ya hapo Mama akapata kazi mbali. Kulikuwa na kambi katika kisiwa kidogo kusini mwa Mombasa, ambako wanawake walipanda upya miti ya mikoko iliyokatwa, na kambi ilitaka mpishi. Mimi nikaachwa kwa dada yake, Anti Millie, huku Kawangware, mbali na mto. Anti alikuwa na sauti ya kugombana na huruma ya kujificha. Alikuwa na mtoto wa kiume, Brayo, aliyekuwa darasa la nane na aliyejiona amemaliza dunia.

Jumapili, tukitoka kanisani, Anti aliweka simu juu ya meza, akafungua sauti, na kisiwa kikaingia chumbani. Sijui nilikuwa nikimsikiliza Mama au nikisikiliza kilichokuwa nyuma yake. Kulikuwa na upepo usiokoma. Kulikuwa na kitu kilicholia.

"Awuor, mami, unasikia huyo?"

"Ni mtoto wa nani?"

"Si mtoto. Ni komba, mnyama mdogo hivi, macho kama sahani. Analia kama amenyang'anywa andazi."

"Mathako siku hizi anaishi na nyani," Brayo alisema kuhusu Mama, mdomo umejaa ugali.

"Brayo, nitakuzaba," alisema Anti, na Mama akacheka kule mbali.

Mama hakuwahi kuwa mtu wa maneno mengi, lakini kisiwa kilimfungua. Alinieleza mkoko, mti unaosimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyekunja sketi asilowe. Alinieleza mchu, ambao majani yake hutoa chumvi hata unaweza kuyalamba, na mkomafi, wenye matunda ya mviringo ambayo watoto wa kule walicheza nayo mpira. Alisema mbegu za mkoko huchipua zikiwa bado juu kwa mama yao, zikawa ndefu na kijani kama maganda makubwa ya maharagwe mabichi, kisha huanguka zikajichoma kwenye tope na kuanza maisha zikiwa zimesimama. Kulikuwa na popo wenye sura za mbwa. Kulikuwa na kaa mwenye gando moja kubwa kuliko mwili wake, ambaye alipunga mchana kutwa kama kondakta. Kulikuwa na samaki waliotembea juu ya tope.

Ningeweza kukipenda kisiwa hicho. Nilikuwa nimeanza. Kisha Jumapili moja, katikati ya habari za kaa, Mama akasema kama mtu anayetaja bei ya nyanya:

"Sasa ngoja nikimbie, maji yanakuja."

"Maji gani?"

"Ya bahari, mami. Huku yanakuja mara mbili kwa siku. Yanajaa mpaka mikoko inabaki vichwa tu, halafu yanarudi."

"Mara mbili kwa mwaka?"

"Kwa siku. Kila siku."

"Na nyinyi?"

"Sisi tunatoka, tunangoja, tunaendelea na kazi." Akacheka. "Usijali. Hayapiti jiwe."

Simu ikakatika. Anti aliendelea kuchambua sukuma wiki. Mimi nilibaki nikiitazama ile simu. Gatwekera mto ulikuja labda mara moja katika mvua za mwaka, nao ulichukua nyumba, mpera na Mzee Barasa. Mama alikuwa amekwenda kuishi mahali ambapo mto unakuja mara mbili kwa siku, na alikuwa na jiwe, na alikuwa anacheka. Nilikujua kule kucheka. Kulikuwa kucheka kwa watu wa mpera.

Kumbuka kwamba sikuwa nimewahi kuona bahari. Shuleni bahari ilikuwa rangi ya buluu kwenye ramani, na rangi haisogei. Sikuwa na namna nyingine ya kuyafikiria maji yanayojaa isipokuwa ile niliyoiona nikiwa relini.

Nilimuuliza Brayo, kwa sababu ndiye pekee niliyeweza kumuuliza bila kuulizwa.

"Huko kisiwani wanapigiana mabati?"

"Mabati gani? Nyumba za huko ni makuti."

"Makuti ni nini?"

"Majani ya mnazi, wee. Yanashonwa yanakuwa paa." Akanitazama, akaona hofu, na hofu ya mdogo ilikuwa chakula chake. "Ukiyagonga yanasema *fyuu*. Hata paka haamki."

Tangu siku hiyo nilikuwa nikiamka na swali moja na kulala nalo. Chakula kilinishinda. Darasani mwalimu akifuta ubao, mimi nilikuwa nikifikiri kwamba pengine sasa hivi ndiyo yanakuja ya kwanza. Tukirudi nyumbani na vumbi, nikafikiri kwamba sasa pengine ni ya pili. Nilimwona Mama ameyapa maji mgongo, akikoroga sufuria ya maharagwe, na juu yake paa lisilo na sauti.

"Awuor, kula," alisema Anti. "Ama unangoja nikubembeleze na wimbo?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa?"

Jumapili nilikuwa na swali moja tu kwenye simu. "Leo yamekuja?" Yamekuja, alisema Mama. "Yamefika wapi?" Kwenye jiwe, mami. Siku zote kwenye jiwe. Alidhani ni mchezo wetu. Akaanza kuniambia hata kabla sijauliza, kwa sauti ya furaha, na kila mara alipolitaja lile jiwe mimi niliona mpera ukiinama.

Sikumwambia ninachoogopa. Watu wazima huuliza kwa nini watoto hawasemi. Mimi sikusema kwa sababu nilikuwa na hesabu yangu: likizo ilikuwa inakaribia, na Mama alikuwa ameahidi kuja kunichukua nikakae naye. Mtoto anayeogopa maji hapelekwi kwenye maji. Nikisema, nitaachwa Kawangware, na nikiachwa Kawangware, nani atampigia mabati?

Kisha ikaja Jumapili ambayo simu haikulia. Anti alipiga, akapiga tena. Mwanamke wa mashine alisema namba haipatikani. "Network," alisema Anti. Brayo alianza kusema, "Labda mathako amebebwa na..." kisha akaniangalia usoni, akatoka nje. Hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko yote. Sikuwahi kumwona Brayo akiacha mzaha katikati.

Mama alipiga Jumatatu jioni, mzima, akilalamikia mnara wa simu. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nyuma ya ploti yetu kulikuwa na mafundi wa masanduku, wale wanaotengeneza masanduku ya shule, na vipande vya mabati vilizagaa miguuni mwao. Nilisimama pale mpaka mmoja akachoka kuniona.

"Sema, kasupuu. Unataka sanduku?"

"Nataka kipande."

"Cha kufunikia chapati?"

"Cha maji."

Alinitazama vizuri. Labda alikuwa wa chini kama sisi, sijui. Hakucheka. Alichagua kipande kizito, akakikunja kingo zote ili zisinikate, akatoboa tundu pembeni, akapitisha waya. "Ukikishika mkononi kitakufa sauti," alisema. "Kining'inize."

Mama alipokuja kunichukua nilimkagua kama daktari. Alikuwa amekuwa mweusi zaidi, mwembamba zaidi, na miguu yake ilikuwa na mikato midogo mingi, mingine imepona na mingine mipya. Ni chaza, alisema, wale wanaoota kwenye mizizi ya mikoko, makombe yao ni kama wembe. Nilijua anaficha. Miguu ya watu wote wa Gatwekera ilikuwa hivyo baada ya maji. Alikuwa ameniletea jani la mchu limefungwa kwenye karatasi. Nililamba. Ilikuwa kweli, lilikuwa na chumvi. Basi na hayo mengine yalikuwa kweli.

"Huyu mtoto amebeba chuma," alisema Anti, akipima begi langu kwa mkono.

Mama alilifungua, akaona kipande cha mabati na mwiko vikiwa vimezungushiwa sweta. Aliviangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akafunga begi.

Tulifika kisiwani alasiri, na boti haikuweza kutufikisha nchi kavu, kwa sababu maji yalikuwa yameondoka. Tulishuka mbali tukatembea juu ya tope. Sijasahau. Nilikuwa nimejiandaa kwa rangi ya buluu, na mbele yangu kulikuwa na eneo jeusi, limelowa, linang'aa, lina mashimo elfu yanayopumua. Na harufu. Ilikuwa harufu ya mto wetu. Watu waliosomea mambo haya wamenieleza kwamba tope la mikoko hunuka hivyo kwa sababu ya majani yanayooza ndani yake bila hewa, na kwamba harufu hiyo ni ya uhai. Mimi niliijua kama harufu ya kitanda ulichokichimbua kutoka chini ya ukuta.

Kisha nikaiona mikoko yenyewe. Ilikuwa mizuri, hata hofu haikuweza kunizuia nisione: mizizi iliyopinda kama matao ya kanisa, majani mazito ya kung'aa, ndege yangeyange weupe wamekaa juu kama nguo zilizoanikwa. Lakini kila shina lilikuwa na mstari. Juu yake gamba lilikuwa safi, chini yake limechafuka na kuota chaza, na mstari ulikuwa umenyooka kutoka mti hadi mti, kama uliopigwa kwa uzi wa fundi. Nyumba za Gatwekera zilizosalia zilikuwa na mstari huo huo ukutani. Nilisimama kando ya shina nikajipima. Mstari ulinipita kichwa.

"Njoo, mami," Mama alisema. "Usiku utatukuta hapa."

Nilikuwa nimeapa nitakesha. Lakini safari ilinishinda, na nilipoamka kulikuwa kumekucha, komba amenyamaza, na Mama yuko jikoni. Nje, njia tuliyopita jana ilikuwa imelowa, na kando yake kulikuwa na mkanda mrefu wa mwani na majani makavu uliolala vizuri, mpya, mita chache tu chini ya jiwe kubwa jeupe. Yalikuwa yamekuja na mimi nimelala. Yalikuwa yamekuja yakanitazama yakaenda zake.

Asubuhi hiyo wanawake walikuwa tayari wameingia topeni kupanda. Walikuwa wamefunga leso viunoni, wameinama kwa mistari, kila mmoja na ndoo ya mbegu, wakiichoma ardhi kwa kidole na kuisimamishia mche. Kiongozi wao, Bi Mwanakombo, alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ambo. Mama alichukua birika na kikapu cha viazi akaenda kuwapelekea chai. Aliniambia nikae kwenye ukingo, karibu na jikoni. Nilikaa. Nilikuwa nimeshaning'iniza mabati yangu kwenye nguzo ya paa lile la makuti, mwiko mkononi.

Kwa muda hakukutokea kitu. Kaa walipunga magando yao. Samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa waliruka topeni kama vyura. Kisha nikawaona konokono.

Walikuwa kila mahali juu ya tope, weusi, wa mviringo wenye ncha, na mpaka dakika hiyo nilidhani ni mawe. Sasa walikuwa wanatembea. Walitembea wote kuelekea kwenye mikoko, wakafika kwenye mashina, wakaanza kupanda. Polepole, bila kusukumana, wote wakielekea juu ya ule mstari. Wa shina hili na wa shina lile na wa lile kule. Hakukuwa na maji popote. Jua lilikuwa likiwaka.

Panya, nilisema moyoni. Hawa ni panya wa hapa.

Kisha kaa wa magando wakatoweka mashimoni, kama mtu amezima taa. Na katika mfereji mdogo uliopita kati ya mistari ya wanawake, ambao ulikuwa mkavu, ukaingia ulimi wa maji, mwembamba, wa kijivu, ukibeba povu na jani moja. Uliingia bila sauti. Wanawake walikuwa wameinama, wakicheka jambo fulani. Mama alikuwa katikati yao, mgongo kwa bahari, akimimina chai.

Nikapiga.

Mbili, kimya. Mbili, kimya. Mbili, kimya. Sauti ilipasua kisiwa. Yangeyange wote waliruka kwa pamoja, popo wakaanguka kutoka mtini wakawa hewani, na wale wanawake wakainua vichwa kunishangaa, mikono yao ya matope ikining'inia. Hakuna aliyesogea. Hawakujua lugha ile.

Mmoja tu ndiye aliyeijua. Mama hakugeuka kutazama nyuma. Birika lilianguka, chai ikamwagika topeni, na tayari alikuwa anakimbia. Alikimbia juu ya miche, alianguka kwa magoti, akainuka na kiatu kimoja, akanifikia, akanibana kwapani kama mzigo wa kuni, na mwiko wangu ukadondoka. Alipita jikoni. Alipita vitalu vya miche. Alipanda mwamba wa matumbawe wenye meno kwa mguu mmoja mtupu, nami nikiwa nimeangalia chini nikaona alama za damu zikibaki nyuma yetu. Hakusimama mpaka pale juu kabisa kwenye mkwaju, ambako kisiwa kinaisha kupanda.

Huko chini tulisikia vicheko.

"Mama Awuor!" Bi Mwanakombo aliita. "Wakimbia nini, mwanangu? Ni maji tu yajaa!"

"Kaona jini!" mwingine akasema, na wote wakaangua tena. Walikuwa wamesimama, na maji yalikuwa yamefika vifundoni mwao, mapole kama mbwa mzee. Walianza kutoka, taratibu, wakiosha ndoo zao njiani.

Mama alikuwa bado amenishika. Sikio langu lilikuwa kwenye mbavu zake na nilisikia moyo wake, na ulikuwa ukienda kama wangu, mbio ile ile. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mtu mzima anaweza kuwa na moyo wa namna hiyo. Nilidhani wanaposema "hayapiti mpera" ni kwa sababu wanajua.

Alipoweza kusema, alisema, "Hayo ni maji ya kawaida, Awuor. Yatafika kwenye jiwe."

"Hata mpera walisema hivyo."

Nilingoja anikemee. Akaukunja mguu wake wenye damu.

"Eeh," alisema mwishowe. "Walisema."

Kisha akasema, "Basi tungoje tuone."

Tukangoja. Hakuniambia nisiogope. Aliketi nyuma yangu, mikono yake imenizunguka, na tukayatazama yakija, mimi na yeye, kama watu wawili walio juu ya reli. Yaliingia kwanza kwa mifereji, kisha yakafunika tope bila ukingo, na lile eneo jeusi likawa kioo, kisha kijani, kisha kule mbali buluu ya ramani. Mizizi ya mikoko ilizama tao kwa tao. Konokono walibaki juu ya mstari wamejishika. Miti ikawa vichwa vya miti, vimeketi juu ya maji, na kati yake samaki waliruka kama vijiko. Yalipita kibao cha kupumzikia wanawake. Yalipita njia yetu. Yalifika kwenye mkanda wa mwani wa jana, yakauinua, yakausogeza mbele. Nilikuwa nimeushika mkono wa Mama kwa kucha. Yakafika kwenye jiwe.

Yalilizunguka. Yakalipanda kidogo, kwa upande mmoja, na hapo nikasikia pumzi ya Mama ikikatika nyuma ya kichwa changu.

Kisha yakasimama. Yalikaa pale kwa muda, yakitikisika, kama mtu aliyefika mlangoni akasahau alichokuja kuomba. Na jiwe likaanza kuonyesha ukanda mwembamba wa unyevu, chini yake maji, na ukanda ukawa mpana. Yalikuwa yanarudi.

Bi Mwanakombo alipanda kwetu na kile kiatu, na kipande changu cha mabati kikining'inia kidoleni. Alikigonga kwa ukucha, akakisikiliza.

"Nani kakuleta na kengele?"

"Ni ya kusema maji yamekuja," nilisema.

Hakucheka tena. Alitazama mguu wa Mama. Kisha akasema kwamba wao humwita aliye mbali mpaka koo likakauka, na mwaka jana msichana mmoja alizibwa na maji upande wa pili akashinda juu ya mti. Akaniomba kibaki kambini. Nikakubali. Kikaning'inizwa tena kwenye nguzo ya jikoni, na likizo ile nzima kazi yangu ikawa kuwatazama konokono. Wakianza kupanda, nilipiga, mbili na mbili, na wanawake wakatoka topeni wakinikejeli kwa jina la askari. Kila siku nilipiga kama siku ya kwanza. Kila siku Mama, popote alipokuwa, alisimama kwanza, akanitafuta kwa macho, ndipo akaendelea na kazi.

Mikoko ile, nasikia, sasa ni msitu. Mama alirudi na mabati yangu kambi ilipofungwa, na sikujua kwamba alikuwa ameyatunza.

Mvua za mwaka huu zimekuwa nyingi, na mtaro ulio chini ya ploti yetu unapita mpaka mpya kila wiki. Ndiyo maana nimemleta akae karibu. Nikiwa nimeketi juu ya lile godoro, kipande mkononi, nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Mama, wewe ulikuwa umekaa kule miezi. Ulijua yataishia kwenye jiwe. Kwa nini ulikimbia?"

Alikuwa anakunja blanketi, kidevu kimebana pindo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Si ulipiga?"

Akaendelea kukunja. Mimi nikachukua nyundo nikatafuta mahali kando ya mlango, upande unaotazama mtaro. Nilikuwa nimeshainua msumari usawa wa bega langu, kisha nikawasikia watoto wa ploti wakicheza nje, nikaushusha, mpaka mahali ambapo mkono wa mtoto unafika.